Kegi ya mezani: glasi ya kwanza povu, siku ya nne maji. Kosa liko wapi?

#1 Mzee wa Glasi Moja
Habari wakuu. Nina mashine ya mezani ya bia ya bomba, ile inayomeza kegi ya lita 5, mpini juu na kisinia cha kukinga matone chini. Nilipewa zawadi. Nimeshamaliza kegi tatu na zote zimenifanyia vituko vilevile.

Glasi ya kwanza ni povu tupu. Sisemi povu la vidole viwili, nasema glasi nzima nyeupe, unakaa unaitazama mpaka itulie. Ya pili nusu kwa nusu. Ya tatu inatoka safi, na hiyo ya tatu ndiyo inayofanya nisiirudishe mashine kwenye boksi, maana chupa haijawahi kunipa kitu kama kile. Halafu ikifika siku ya nne bia imepooza, ulimi hausikii mchomo wowote.

Kioo cha mashine kinaandika nyuzi 3. Kegi naiweka ndani ya mashine saa tatu nzima kabla ya kunywa. Kosa ni la mashine, la kegi au ni langu? Na hii ni drafti kweli, au ni bia ya kopo iliyovalishwa bomba?

#2 Kijiko Kirefu
Ngoja waje wajuzi. Nimevuta kiti.

#3 Fundi Mpira
Saa tatu, mkuu? Umejijibu mwenyewe.

Mashine nyingi za mezani hazina kompresa kama friji. Zina kibamba cha umeme, ukikiwasha upande mmoja unakuwa baridi na wa pili moto, na feni nyuma inapuliza ule moto utoke. Sasa piga hesabu. Lita 5 kutoka nyuzi 25 hadi 4, unatakiwa uondoe joto la kilojuli 440 hivi. Kibamba kikijitahidi kutoa wati 12, hiyo ni saa 10. Wewe umempa tatu.

Laza kegi kwenye friji usiku kucha, ndipo uihamishie kwenye mashine. Kazi ya mashine ni kuitunza baridi uliyoileta.

#4 Mzee wa Glasi Moja
Asante, lakini mbona kioo kinaandika 3?

#5 Fundi Mpira
Kinasoma ukuta wa chuma pale ubavuni. Katikati ya tumbo la kegi hakipajui.

#6 Shayiri Binti Mvuke
Naomba nimpinge Fundi kidogo. Natengeneza bia nyumbani mwaka wa sita huu. Kegi yangu inalala friji siku mbili na glasi ya kwanza bado inatoa povu. Kwa hiyo siyo kegi peke yake.

Gesi inakaa ndani ya bia kwa sababu mbili, baridi na presha. William Henry alishaonyesha tangu 1803 kwamba presha ikipungua gesi inatoka kwenye kimiminika, na joto linamalizia kazi. Bia ya nyuzi 3 inapanda kwenye mpira na bomba ambavyo vimekaa nje siku nzima vikiwa na joto la chumba. Inashtuka, inaachia gesi palepale. Glasi ya pili inakuta bomba limepoa kidogo, ya tatu inakuta njia ni baridi. Si ndivyo alivyoeleza mwenyewe? Povu, nusu, safi.

Dawa yake: mimina vijiko vitatu hivi, tupa, subiri sekunde chache, ndipo ujaze.

#7 Kalamu Kavu
"Tupa"??? Viongozi wa jukwaa mpo? Mtu anahamasisha kutupa bia mchana kweupe.

#8 Shayiri Binti Mvuke
Hahaha basi kunywa. Mimi nakunywa, sina aibu.

#9 Nusu Kipimo
Mleta mada, swali moja tu: mpini unauvuta wote au nusu?

#10 Mzee wa Glasi Moja
Nusu. Nani asingevuta nusu akiona povu linamjia?

#11 Nusu Kipimo
Hapo ndipo penyewe. Umewahi kubana mdomo wa mpira wa maji kwa kidole gumba? Maji yanakuwa mapole au yanaruka? Bomba la nusu ni kidole gumba. Bia inalazimishwa kupita kwenye ufa, inachafuka, gesi inatoka yote. Vuta mpini wote kwa mara moja, funga kwa mara moja. Glasi ilale nyuzi 45, bia iteleze ubavuni, ikifika theluthi mbili uisimamishe. Povu lije mwishoni kwa ruhusa yako.

#12 Dobi wa Glasi
Post kumi na moja na hakuna aliyeuliza glasi imeoshwaje. Glasi ikitoka kwenye maji ya moto ikiwa bado na vuguvugu, au ina nyuzinyuzi za kitambaa cha kufutia, kila unyuzi unazaa mapovu. Na ikiwa na mafuta, kinyume chake: povu linakufa kabla hujakaa.

Suuza glasi kwa maji baridi, kisha irushie chumvi ndani ikiwa bado mbichi. Chumvi ikishika sawasawa kote, ni safi. Ikiacha viraka, hapo pana mafuta. Njia ya pili: jaza bia utazame. Mapovu yaliyoganda ukutani kama kupe, huo ni uchafu.

#13 Kijiko Kirefu
Uzi wa bia umegeuka uzi wa kuosha vyombo. Mwenzangu asiuone huu, nitapewa zamu.

#14 Mzee wa Glasi Moja
Narudi na ripoti. Kegi ya nne imelala friji saa 24. Mpini nimevuta wote. Glasi nimeisuuza kwa maji baridi, na chumvi imeshika (asante Dobi, ingawa nimeoga chumvi). Nimetia kipimajoto cha jikoni kila nilipojaza.

Glasi ya kwanza: nyuzi 9, povu theluthi. Ya pili: nyuzi 5, povu vidole vitatu. Ya tatu: nyuzi 4, tamu. Kioo kilibaki 3 muda wote, hakijui lolote.

Imepungua, haijaisha.

#15 Fundi Mpira
Nilisema. Kegi ilikuwa ya moto.

#16 Shayiri Binti Mvuke
Fundi, soma tena. Kegi ile ile, dakika ile ile, glasi ya kwanza 9 na ya tatu 4. Kegi haiwezi kupoa nyuzi tano wakati mtu anajaza glasi. Ni bomba.

#17 Fundi Mpira
Na baridi ya friji iliyoondoa theluthi mbili za povu tuite nini? Bahati?

#18 Nusu Kipimo
Tuite mpini. Alivuta wote safari hii.

#19 Mtikisiko
Wote mmemsahau mbebaji. Mkuu, kegi uliitoa friji ukaitia kwenye mashine ukajaza hapohapo?

#20 Mzee wa Glasi Moja
Ndiyo. Tena ilinidondokea kidogo kwenye kaunta, siyo sana.

#21 Mtikisiko
"Siyo sana", anasema. Kegi iliyotikiswa inataka saa kadhaa za kukaa kimya. Mimi naiweka usiku, naigusa kesho yake jioni.

#22 Kalamu Kavu
Mtu mwenye uvumilivu huo angekuwa anakunywa chai.

#23 Bwana Kizibo
Tuje kwenye siku ya nne, maana hapo ndipo penye msiba. Nadhani maelezo ni mepesi: povu lote lile la glasi ya kwanza na ya pili ni gesi ya siku ya nne inayoondoka. Zuia povu, umezuia kupooza.

#24 Shayiri Binti Mvuke
Hapana Bwana Kizibo. Gesi iliyotoka kwenye glasi ilikuwa ya glasi hiyo. Iliyobaki kwenye kegi haijui kilichotokea nje. Kinachopoozesha kegi ni nafasi tupu. Kila unapojaza, juu ya bia panabaki uwazi, na gesi iliyo ndani ya bia inapanda kuujaza. Kama hakuna gesi mpya inayoletwa kushika ile presha, bia yenyewe ndiyo inayotoa sadaka mpaka inaisha.

Kwa bia ya kawaida yenye ujazo 2.5 wa gesi (yaani kila lita ya bia imebeba lita 2.5 za gesi), ukiwa nyuzi 3 unahitaji kama baa 0.8 kuituliza. Ikipanda nyuzi 10 unahitaji zaidi ya 1.2.

#25 Kijiko Kirefu
Baa 0.8 ndiyo baa gani hiyo, ina viti?

#26 Shayiri Binti Mvuke
Kipimo cha presha, ndugu yangu. Ya kukaa utaitafuta mwenyewe.

#27 Fundi Mpira
Hapa nakubaliana na dada. Lakini lazima tujue kegi yake ni ya aina gani, maana zinafanana kwa nje. Kuna inayotoa bia kwa uzito wake, ina kijibomba chini, juu unafungua tundu la hewa. Hiyo ni ya siku moja, mbili kwa ubishi. Kuna yenye gesi yake ndani. Kuna inayosukumwa na kitungi cha kaboni dayoksaidi cha gramu 16 unachokifunga kwenye mashine. Na kuna yenye mfuko ndani: mashine inapuliza hewa kati ya mfuko na ukuta, mfuko unabanwa, bia inatoka bila kuonana na hewa.

#28 Mzee wa Glasi Moja
Yangu ni ya kitungi. Kimoja kwa kila kegi.

#29 Hesabu Haidanganyi
Salaam. Nimekuwa nikisoma tu, ila hapa nimeshindwa kunyamaza. Gramu 16 za kaboni dayoksaidi zikifunguliwa zinakuwa lita 8 na ushee za gesi kwa presha ya kawaida. Kegi ya lita 5 ikiisha bia, unabaki na chombo kitupu cha lita 5 ambacho kikikaa kwenye baa 0.8 juu ya hewa ya nje kinameza lita 9. Yaani kitungi kimoja kinafika mwisho kikiwa kinahema. Hakuna akiba ya kuvujisha. Tundu dogo tu kwenye oringi, ile pete ya mpira ya kuzibia, siku ya tatu umeishiwa.

#30 Fundi Mpira
Hiyo ndiyo hesabu. Mkuu, chukua maji ya sabuni, paka pale kitungi kinapofungwa na pale mpira unapoingia kwenye kegi. Tazama kimya dakika mbili. Ikivuja kidogo haipigi kelele, inapuliza kiputo kimoja taratibu.

#31 Mzee wa Glasi Moja
Nimepaka. Kuna kiputo. Kimoja, kwenye shingo ya kitungi, kinakua mpaka ukubwa wa punje ya dengu kisha kinapasuka, kinaanza kingine. Nimekitazama kama televisheni.

#32 Kalamu Kavu
Siku nne za mjadala, mwizi ni kiputo.

#33 Shayiri Binti Mvuke
Anaweza kuwa mmoja wa wezi. Usimhukumu peke yake.

#34 Shemeji wa Mashine
Kuhusu vitungi, tafadhali msinunue chochote kinachofanana. Mtu wa kwetu aliona vitungi vya kuvuruga krimu vinaingia vizuri, akafunga kimoja. Ile gesi ni naitrasi oksaidi, siyo kaboni dayoksaidi. Bia ikawa laini, tamutamu, haina ukali wowote, na wageni wakaanza kuulizana mbona mwenyeji anacheka peke yake.

#35 Fundi Mpira
Na vile vya bunduki za upepo vina mafuta ya kulainisha. Vya chakula vinaandikwa ni vya chakula, chukua hivyo tu. Pia usifungue shingo ya kegi yenye presha kwa bisibisi kwa sababu umekasirika. Toa presha kwanza kwenye vali.

#36 Mzee wa Glasi Moja
Swali langu la pili mmelikwepa. Ni drafti au siyo?

#37 Bwana Kizibo
Siyo. Drafti ni bia isiyochemshwa, hai. Hizi za kegi ndogo zimepashwa moto kama za chupa.

#38 Shayiri Binti Mvuke
Nakusahihisha tena, samahani. Kegi nyingi, hata zile kubwa za baa, zimepitishwa kwenye joto la nyuzi 72 hivi kwa sekunde chache kabla ya kujazwa. Ya chupa mara nyingi hupashwa ikiwa imeshafungwa, nyuzi 60 na kitu, kwa dakika kadhaa. Zipo kegi zisizopashwa kabisa, nazo zinataka baridi toka kiwandani mpaka kwako. Neno drafti linasema bia imetoka kwenye chombo kikubwa kwa bomba. Limetoka kwenye kuvuta, kama unavyovuta maji kisimani.

#39 Bwana Kizibo
Sawa mwalimu. Lakini mbona inaonja tofauti na chupa?

#40 Dobi wa Glasi
Kwa sababu chupa unakunywa kwenye chupa! Ukiimimina kwenye glasi gesi inapungua, harufu inapanda, ukali unatulia. Nusu ya utamu wa drafti ni glasi. Mimina ile ya chupa kwa ukatili katikati ya glasi safi, uone.

#41 Hesabu Haidanganyi
Na mwanga. Chupa ya kijani au nyeupe ikipigwa na mwanga, uchungu wa hopsi, yale maua yanayotiwa kwenye bia, unageuka harufu ya kicheche. Kegi ni chuma, haina dirisha.

#42 Nusu Kipimo
Wengine wanasukuma kegi kwa pampu ya mkono. Ile inaingiza hewa. Kesho yake bia ina ladha ya kadibodi iliyolowa. Kama huimalizi siku hiyo, usiiguse.

#43 Mpenda Nyeusi
Mimi nina swali la kando. Kwa nini mashine yangu haitoi lile povu zito la Guinness? Nasikia siri ni ule mpira mdogo ndani ya kopo, wakaja kuupeleka kwenye bomba.

#44 Hesabu Haidanganyi
Umegeuza. Bomba lilitangulia: Guinness walianza na mchanganyiko wa nitrojeni na kaboni dayoksaidi mwaka 1959. Kimpira cha kwenye kopo kilikuja miaka ya 1980 mwishoni ili kuigiza bomba. Nitrojeni haipendi kuyeyuka kwenye bia, ndiyo maana viputo vyake ni vidogo na povu linasimama kama krimu. Kitungi cha kaboni dayoksaidi peke yake hakikupi hiyo.

#45 Kalamu Kavu
Kuna watu wanalipwa kuchunguza haya?

#46 Hesabu Haidanganyi
Arnd Leike, mwanafizikia wa Munich, alipima povu la bia linavyoshuka akapata Ig Nobel, ile tuzo ya tafiti za kuchekesha, mwaka 2002.

#47 Kijiko Kirefu
Na mimi naangalia povu likishuka miaka yote hii, sijapewa hata cheti.

#48 Zamu ya Usiku
Hakuna anayelalamikia ile feni? Ya kwangu ipo sebuleni. Mke wangu anaiita mgeni asiyelala. Nikiizima usiku, asubuhi kegi ina nyuzi 12, povu upya.

#49 Fundi Mpira
Isogeze mbali na ukuta, iache ipumue nyuma. Kibamba kinashusha nyuzi kama 20 tu chini ya chumba. Chumba kikiwa 30, sahau 3.

#50 Zamu ya Usiku
Ilikuwa imebanana na tosta. Nimeisogeza. Inaunguruma kwa adabu sasa.

#51 Mtikisiko
Na usafi jamani. Mimi niliacha kijibomba wiki mbili bila kukivua. Siku nimekivua, ndani ya mdomo kulikuwa na utelezi wa kahawia, unavutika kama uji wa bamia, unanuka siki. Na mimi wiki nzima nilikuwa nawaambia watu bia hii "ina ladha ya matunda".

#52 Shayiri Binti Mvuke
Siki ni bakteria waliopata hewa. Ukisikia siagi, hao ni wengine, wa kwenye mipira michafu. Kegi ikiisha, vua mpira na bomba siku hiyohiyo, maji ya uvuguvugu, brashi nyembamba, suuza. Kama mpira ni wa kutumia mara moja, usiwe mchoyo, utupe.

#53 Kalamu Kavu
Huyu dada na kutupa!

#54 Mzee wa Glasi Moja
Wakuu, ripoti ya kegi ya tano. Nimebadilisha oringi, nikapaka grisi ya chakula. Kegi imelala friji siku nzima, ikakaa kwenye mashine usiku kucha bila kuguswa. Bomba nililivua nikaliweka friji nusu saa kabla ya kulirudisha.

Glasi ya kwanza: nyuzi 5, povu vidole vitatu. Siku ya nne: mchomo upo. Umepungua kuliko siku ya kwanza, lakini upo. Nashukuru sana.

#55 Fundi Mpira
Oringi. Kesi imefungwa.

#56 Shayiri Binti Mvuke
Bomba baridi. Glasi ya kwanza imetoka 9 hadi 5.

#57 Mtikisiko
Kegi ilipumzika usiku kucha. Nani alisema?

#58 Hesabu Haidanganyi
Mzee, umebadilisha vitu vitatu kwa mpigo. Sasa hatuwezi kujua kipi kimefanya nini. Na mchomo bado unapungua, kwa hiyo aidha inavuja kwingine au gramu 16 hazitoshi.

#59 Mzee wa Glasi Moja
Sasa mnataka nifanyeje?

#60 Hesabu Haidanganyi
Kegi ya sita: oringi mpya, kegi ipumzike, lakini bomba liache na joto la chumba. Ya saba: bomba baridi, oringi ile mbovu. Badilisha kimoja kimoja.

#61 Kijiko Kirefu
Mnamwonea huruma au mnamtafutia kisingizio?

#62 Mzee wa Glasi Moja
Ya sita imeshaingia friji. Oringi mbovu nilishaitupa, nilimsikiliza Shayiri. Narudi siku ya nne.

#63 Kalamu Kavu
Ukirudi unaandika herufi zote sawasawa, tutajua ilipooza.